Mjumbe wa Papa wa Mombasa: Shule Zikaenda Bara, Kinondo Ikabaki na Chuo

Ukivuka Likoni ukashika barabara ya Lunga Lunga, ukapita Waa na Tiwi, ukakata kushoto Ukunda na kufuata njia ya pwani kupitia Diani na Galu, utafika Kinondo kabla hujamaliza kilomita 50. Mgeni hupelekwa kwanza Kaya, msitu wa hekta 30 hivi ambao Wadigo wameutunza vizazi na vizazi, na ambao mwaka 2008 uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na makaya mengine ya Wamijikenda. Haingii mtu mpaka afungwe kaniki nyeusi kiunoni. Kandokando ya msitu ni minazi, misikiti, ngalawa za wavuvi na watoto wanaorudi chuoni, yaani madrasa, na misahafu yao. Padri si mtu ambaye angekuja akilini mwako hapa.

Hata hivyo, kama unataka kuelewa kwa nini babu wa mtoto wa Kinondo hakusoma, na babu wa mtoto wa Yala au Mang'u, huko bara, alisoma, kuna padri mmoja ambaye huwezi kumruka. Jina lake Arthur Hinsley, askofu mkuu wa Kiingereza na mjumbe wa Papa kwa Afrika iliyotawaliwa na Waingereza. Tangu mwaka 1930 hadi 1934 makao yake yalikuwa Mombasa. Vitabu vya Ulaya humkumbuka kama Kardinali wa Westminster wakati wa vita vya Hitler. Kwangu mimi, kazi yake kubwa aliifanya upande wetu huu wa dunia, kabla hajavaa kofia nyekundu. Na ajabu ya kazi hiyo ni kwamba pwani, alikokuwa amepiga kambi, ndiyo iliyonufaika kidogo kuliko kwingine kote.

Hinsley alizaliwa tarehe 25 Agosti 1865 katika kijiji cha Carlton, karibu na Selby, jimbo la Yorkshire. Baba yake alikuwa seremala wa kijiji. Mama yake, Bridget Ryan, alikuwa na asili ya Ireland. Akiwa na miaka 11 alipelekwa Ushaw, seminari iliyo karibu na Durham, kisha akaenda Roma kumalizia masomo, na mwezi Desemba 1893 akapewa upadri. Mwaka 1900 alianzisha shule ya sekondari ya Mtakatifu Bede katika mji wa viwanda wa Bradford, akawa mkuu wake wa kwanza. Hakudumu. Hakuelewana na askofu wake, na mwaka 1904 akafunga virago akahamia jimbo la Southwark, kusini mwa London, akalea parokia huku akifundisha seminarini. Mtu wa namna hiyo, mwalimu aliyegombana na mkubwa wake, kwa kawaida hufia parokiani na kusahaulika.

Mwaka 1917 alitolewa huko akapewa Chuo cha Waingereza mjini Roma, mahali wanapolelewa mapadri wa Uingereza. Alikikuta kimedhoofika kwa sababu ya vita, akakisimamisha tena. Wakubwa wa mji wa Roma walipotaka kubomoa sehemu ya majengo yake wajenge soko, alipambana nao mpaka wakaacha. Papa Pius XI akamwona. Mwaka 1926 akamfanya askofu, na tarehe 10 Desemba 1927, Hinsley akiwa na miaka 62, akamtuma Afrika kama Mkaguzi wa Kitume wa misheni za Kikatoliki katika makoloni ya Uingereza. Hakuwa amesomea udiplomasia. Roma ina chuo maalumu cha kuwaandaa mabalozi wa Papa, kilichoanzishwa mwaka 1701, na wengi wa kundi hilo hupitia pale wakiwa vijana, na kufundishwa lugha, sheria na namna ya kuandika barua ambayo haisemi zaidi ya inavyotaka kusema. Hinsley alikuwa mwalimu tu. Nadhani ndiyo sababu alichaguliwa.

Maana tatizo lililokuwa Afrika lilikuwa la shule. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, na ndani yake alikuwamo Mwafrika mmoja, James Aggrey wa Ghana ya leo. Mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ikatoa sera yake ya elimu kwa makoloni ya Afrika. Kiini chake kilikuwa rahisi: serikali haitajenga shule kila mahali kwa sababu haina fedha wala walimu, itatoa ruzuku kwa wamisionari watakaofundisha kwa kiwango kinachokubalika, nayo itatuma wakaguzi. Kwa Waprotestanti wa Kiingereza habari hii ilikuwa njema. Walikuwa na watu London, walijua milango ya kubisha, na lugha ya mkaguzi ilikuwa lugha yao.

Wakatoliki walikuwa na kazi. Wamisionari wao wengi walikuwa Wafaransa, Waitaliano, Waholanzi na Wajerumani. Huku kwetu kulikuwa na Wamisionari wa Roho Mtakatifu, walioanzia Zanzibar na Bagamoyo kabla ya kufika Mombasa na Bura ya Taita. Nyeri walikuwa Wakonsolata kutoka Turin. Nyanza na sehemu ya Uganda walikuwa Wamill Hill, na kando ya maziwa makuu walikuwa White Fathers. Kila shirika lilikuwa na desturi zake, wafadhili wake na kiburi chake. Wengi waliona shule kuwa chambo tu cha katekisimu: mtoto asome vya kutosha kujua sala na nyimbo, basi. Padri aliyekuja Afrika kuokoa roho hakuona kwa nini apoteze asubuhi yake kufundisha hesabu za mafungu, tena kwa Kiingereza ambacho yeye mwenyewe alikuwa akikibabaisha. Wengine walihofia kwamba fedha ya serikali ingekuja na mkono wa serikali ndani yake.

Hinsley alizunguka. Afrika Magharibi, kusini, Uganda, Kenya, Tanganyika: umri ule, barabara zile. Kila alipofika alikutana na pande mbili, magavana na maofisa wao wa elimu kwa upande mmoja, maaskofu na masista kwa upande mwingine. Waingereza walimpenda kwa sababu alikuwa wa kwao, mtoto wa Yorkshire asiyezunguka mbuyu, na kwa sababu kwake waliweza kulimaliza jambo kwa mazungumzo ya meza moja badala ya kuandikiana na mashirika kumi yenye makao makuu Paris, Turin na kwingineko. Kwa maaskofu alikuja na sauti ya Papa.

Agosti 1928 maaskofu wa Kikatoliki wa Afrika Mashariki walikutana naye Dar es Salaam. Hapo ndipo alipotoa agizo ambalo kila mwanahistoria wa elimu wa eneo hili hulirejea. Aliwataka washirikiane na serikali kwa nguvu zao zote. Kisha akaongeza jambo ambalo naamini liliwafanya wengine wakae wima vitini: pale ambapo haiwezekani kufanya yote mawili, kuhubiri Injili na kuendesha shule, basi wayaache makanisa yao yasubiri, wazikamilishe shule.

Tafakari uzito wa maneno hayo. Mjumbe wa Papa anawaambia maaskofu kwamba kanisa lingoje, shule kwanza. Hesabu yake ilikuwa ya mwalimu mzoefu. Aliona kwamba kizazi kinachokuja cha Afrika kitaongozwa na waliosoma, na kwamba dini ambayo haitakuwa na shule itabaki na wazee na watoto wadogo. Hakufanya hivyo kwa kuwaonea Waafrika huruma tu, wala hakuficha kwamba alikuwa akishindana na Waprotestanti. Lakini matokeo yalikuwa makubwa kuliko shindano lenyewe. Kabaa, shule ya Wamisionari wa Roho Mtakatifu iliyoanza Ukambani katikati ya miaka ya 1920, ilikua hadi kuzaa Mang'u, ambako baadaye walipita Mwai Kibaki na Tom Mboya. Yala ikapanda jina Nyanza nzima. Uganda Kisubi ikazidi kuimarika. Tanganyika ikaja kuwa na Pugu, mahali ambapo Julius Nyerere alifundisha kabla ya kuacha chaki na kuingia kikamilifu kwenye siasa za TANU.

Tarehe 9 Januari 1930 Papa alimpandisha cheo. Akawa askofu mkuu na Mjumbe wa Kitume wa kudumu kwa Afrika ya Waingereza, na Mombasa ikawa makao yake. Cheo hiki kinahitaji maelezo kidogo, kwa sababu watu wengi hudhani kila mwakilishi wa Papa ni balozi. Balozi wa Papa, yule anayeitwa nunsio, hupeleka hati zake kwa mkuu wa nchi na kutambuliwa na serikali kama mabalozi wengine. Mjumbe wa Kitume hatambuliwi na serikali yoyote. Anatumwa kwa Kanisa la mahali, si kwa dola. Kenya haikuwa dola, ilikuwa mali ya Waingereza, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kupelekewa hati. Isitoshe, Hinsley alipotumwa mara ya kwanza mwaka 1927 hata nchi ya Vatican haikuwepo. Iliundwa Februari 1929 kwa mkataba wa Laterano baina ya Papa na Italia ya Mussolini.

Kwa kuwa askofu mkuu lazima awe na jimbo, na mjumbe hana jimbo, Kanisa humpa jimbo la jina tu, mji wa kale ambao Wakristo wake walikwisha zamani. Hinsley alipewa Sardi, mji wa Uturuki ya leo uliotajwa katika kitabu cha Ufunuo. Kwa hiyo Mombasa miaka ile ilikuwa na askofu mkuu wa magofu ya Asia Ndogo, Mwingereza, anayeripoti Roma juu ya mapadri wa Kifaransa walioko Uganda na wa Kiitaliano walioko Nyeri. Mabalozi wa Papa wote huishi na kitendawili cha namna hii mpaka leo: askofu asiye na kundi.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Mjumbe husoma na kuandika. Hupokea malalamiko ya padri dhidi ya askofu na ya askofu dhidi ya shirika. Jimbo likibaki bila mchungaji, yeye ndiye anayeuliza huku na huku, kwa siri, nani anafaa, kisha hupeleka Roma majina matatu. Siri hiyo hulindwa sana. Anayeulizwa haruhusiwi hata kusema kwamba aliulizwa. Hupatanisha mashirika yanayogombea mipaka. Halafu husafiri, kwa sababu eneo lake lilianzia Freetown hadi Zanzibar, na barua haiwezi kumwonesha mtu kama shule ina madawati.

Sasa turudi Kinondo.

Mwaka 1930 mtoto wa Kinondo alisoma, tena alisoma mapema. Alianza chuoni, barazani kwa mwalimu au chini ya mwembe, akiwa na ubao uliolainishwa, kalamu ya utete na wino wa masizi. Alifundishwa alifu, be, te. Akapanda juzuu hadi juzuu mpaka siku ya kuhitimu, ambapo wazazi walipika na jamaa wakaja. Mwalimu alipewa unga, kuku au senti chache. Alijua kusoma herufi za Kiarabu, na kwa herufi hizo hizo watu wa pwani walikuwa wakiandika Kiswahili chao, barua, hesabu za nazi na tenzi, karne kadhaa kabla ya tume ya Phelps-Stokes. Lakini katika daftari la mkaguzi wa serikali mtoto huyu aliandikwa kuwa hajasoma. Ubao wake haukupata ruzuku.

Shule ya padri nayo wazazi wake hawakuitaka, na walikuwa na sababu. Shule ya misheni ilikuwa mlango wa ubatizo, na hakuna aliyejificha kulisema hilo, hata wamisionari wenyewe. Mtoto aliingia Juma, angeweza kutoka Joseph. Wadigo wengi walikuwa wameingia Uislamu vizazi vichache tu nyuma na walikuwa wakiushika kwa mikono miwili. Kumpeleka mtoto kwa padri ilikuwa kumtoa nje ya ukoo. Serikali nayo ilikuwa na shule chache mno za kwake. Waa palikuwa na moja, iliyoanza miaka ya 1920, na kutoka Kinondo kwenda Waa ni mwendo wa mtoto kuhama nyumbani.

Hapa ndipo sera ilipofanya madhara yake bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Ruzuku ilifuata shule iliyopo. Shule ilikuwepo palipokuwa na misheni. Misheni ilikuwa na nguvu mahali ambapo watu hawakuwa Waislamu. Kadiri Hinsley alivyofaulu, ndivyo fedha ya umma ilivyozidi kupanda treni kwenda bara. Mlipa kodi wa Kinondo alilipa kodi ya kibanda kama mlipa kodi wa Yala. Shule ikaota Yala.

Simlaumu Hinsley kwa hilo, na nawaona wanaomlaumu kama watu wanaomdai deni mtu asiyewakopa. Alikuwa mjumbe wa Papa kwa Wakatoliki; Kinondo haikuwa kundi lake. Mdaiwa ni serikali. Serikali ndiyo iliyokusanya kodi kwa wote kisha ikawakabidhi wenye dini zao kazi ya kuelimisha, ikijua vizuri kwamba kuna wananchi ambao dini hizo si zao. Sera ikionekana rahisi na ya bei nafuu, uliza nani ameachwa nje ya hesabu.

Wala isidhaniwe kwamba Waislamu wa pwani hawakuona. Miaka ile ile Hinsley akiwa Mombasa, kwenye kisiwa kile kile, aliishi Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanachuoni aliyezaliwa mwaka 1891, ambaye mwaka 1932 alikuwa Kadhi wa Mombasa na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi yake iliyoitwa Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah. Humo aliwapigia kelele Waislamu wenzake: waamke, wajifunze elimu ya kisasa, wasome lugha na sayansi bila kuacha dini yao, waanzishe shule zao wenyewe badala ya kulalamikia za wengine. Aliwakaripia kwa ukali ambao mtu wa nje asingeruhusiwa kuutumia.

Nikiwaweka wawili hawa bega kwa bega, naona wanaume wawili wa dini waliosoma alama zile zile za nyakati. Mmoja alisema makanisa yangoje, shule kwanza. Mwingine alisema ibada bila elimu itawafanya Waislamu watumwa wa waliosoma. Tofauti yao ilikuwa mashine nyuma yao. Hinsley alikuwa na Roma, mashirika yenye watu na fedha kutoka nchi kadhaa za Ulaya, na serikali iliyokuwa tayari kulipa mishahara ya walimu. Sheikh Al-Amin alikuwa na karatasi na kalamu. Taasisi kubwa ya elimu ya ufundi kwa Waislamu, ile ya Mombasa ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, ilifungua milango mwaka 1951 tu. Sheikh alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1947.

Hinsley mwenyewe alishindwa na mwili. Mwaka 1934 aliugua homa ya jamii ya taifodi, na Machi mwaka huo akaacha kazi. Alikuwa na miaka 68. Akarudi Roma kuwa kanoni katika Basilika la Mtakatifu Petro, kazi ya mzee anayesubiri siku zake. Kumbe siku zilikuwa bado. Mwaka uliofuata, Aprili 1935, Papa alimshangaza kila mtu, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza, kwa kumteua Askofu Mkuu wa Westminster. Desemba 1937 akawa kardinali.

Miezi michache tu baada ya kuketi London, Mussolini aliivamia Ethiopia. Wakatoliki wa Uingereza walikuwa wakidharauliwa na majirani zao: Papa wenu yuko Roma, mbona hasemi? Oktoba 1935 Hinsley alipanda mimbarini katika kanisa moja la Golders Green akalaani uvamizi ule, kisha akamtetea Papa kwa namna iliyowaacha watu midomo wazi: alisema Papa ni mzee asiye na uwezo, mwenye polisi wachache wa kujilinda, atamzuiaje Mussolini? Huko Roma maneno hayo hayakufurahisha, na huwezi kuwalaumu. Mwanadiplomasia aliyefundwa asingeyasema hata akiwa usingizini. Lakini aliyeyasema alikuwa amezunguka Afrika miaka sita na alijua vita vya Ethiopia vingewagusa akina nani.

Vita kuu ilipokuja aliendelea hivyo hivyo. Agosti 1940 alianzisha harakati iliyoitwa Upanga wa Roho, akaketi jukwaa moja na Askofu George Bell wa Kianglikana na kusali naye Baba Yetu mbele ya watu, jambo ambalo kwa Wakatoliki wa wakati ule lilikuwa karibu na kashfa. Julai 1942 alizungumza kupitia BBC kuhusu Wayahudi waliokuwa wakiuawa Poland, wakati ambapo wengi walikuwa bado wakisema habari hizo zimetiwa chumvi. Alifariki tarehe 17 Machi 1943, karibu kipofu na kiziwi, akazikwa ndani ya Kanisa Kuu la Westminster.

Mombasa haikubaki tupu. Antonio Riberi, aliyezaliwa Monaco, alimrithi hadi mwaka 1946. Baadaye akapelekwa China, na Wakomunisti wakamfukuza mwaka 1951. Aliyemfuata Riberi ndiye ninayempenda kuliko wote. David Mathew alikuwa mwanahistoria na mwandishi wa riwaya, aliyepitia mafunzo ya jeshi la majini kabla ya upadri, na Hinsley ndiye aliyemweka wakfu kuwa askofu mwaka 1938. Alikuwa mjumbe hadi mwaka 1953. Mdogo wake, Padri Gervase Mathew, Mdominikani na mwalimu wa Oxford, naye alivutwa na pwani yetu. Mwaka 1950 alichimbua Songo Mnara, karibu na Kilwa, na mwaka 1963 jina lake likawa kwenye jalada la juzuu ya kwanza ya Historia ya Afrika Mashariki iliyochapishwa Oxford, ambayo aliihariri pamoja na Roland Oliver. Humo aliandika habari za pwani kabla ya kuja Wareno, na alikuwa miongoni mwa wa mwanzo katika wasomi wa Kizungu kuiona miji hii kuwa kazi ya Waafrika walioupokea Uislamu, badala ya makoloni ya Waarabu. Kaka anapeleka majina ya maaskofu Roma, mdogo anapapasa kuta za misikiti ya kale ili kujua nani aliijenga. Familia nyingine zina bahati ya udadisi.

David Mathew ndiye aliyemweka wakfu Laurean Rugambwa kuwa askofu mwaka 1952, huko Bukoba. Miaka minane baadaye Rugambwa akawa kardinali wa kwanza Mwafrika mweusi. Na Machi 1953, Mathew akiwa anaelekea kufunga mizigo, Kenya, Uganda na Tanganyika ziliacha kuwa maeneo ya misheni tu zikawa na majimbo kamili. Mombasa ilipata jimbo lake mwaka 1955, likawa jimbo kuu mwaka 1990, na Kwale yote mpaka Lunga Lunga iko chini yake.

Uhuru ukabadilisha itifaki. Kenya ilipokuwa dola, mjumbe asiyetambuliwa na serikali hakutosha tena. Mwaka 1965 Kenya na Vatican zilifungua uhusiano wa kibalozi, na Guido Del Mestri akawa wa kwanza kumwakilisha Papa mbele ya serikali ya Jomo Kenyatta. Makao yakawa Nairobi, na hata mazungumzo ya mazingira yakaongezwa mezani, kwa sababu mwakilishi wa Papa nchini Kenya huketi pia kama mtazamaji katika mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliyoko Gigiri. Leo Papa ana uhusiano na nchi zaidi ya 180.

Nao wanaotumwa si Wazungu tu tena. Augustine Kasujja wa Uganda alianza na Algeria na Tunisia mwaka 1998, akaenda Madagaska, Nigeria, na kumalizia Ubelgiji. Bukoba, mahali ambapo David Mathew alimwekea mikono Laurean Rugambwa, ilitoa Novatus Rugambwa, aliyezaliwa mwaka 1957. Huyu aliingia utumishi wa kidiplomasia wa Vatican mwaka 1991. Mwaka 2010 akawa balozi wa Papa Angola na Sao Tome na Principe, mwaka 2015 Honduras, na mwaka 2019 New Zealand. Aliaga dunia Roma, Septemba 2025.

Pamoja na ubalozi wa New Zealand, Novatus Rugambwa alipewa cheo cha pili, nacho ni kile kile alichokuwa nacho Hinsley Mombasa: Mjumbe wa Kitume. Eneo lake lilikuwa Bahari ya Pasifiki, visiwa kama New Caledonia na Polinesia ya Wafaransa, ambavyo mpaka leo bendera yake ni ya watu wengine, na kwa hiyo hakuna dola ya kupelekea hati. Mwaka 1930 Mwingereza alitumwa kuangalia Kanisa la Waafrika chini ya bendera ya Uingereza. Mwaka 2019 Mhaya wa Bukoba alitumwa kuangalia Kanisa la watu wa Pasifiki chini ya bendera ya Ufaransa.